Siku Niliyoulisha Mmea Matumbo ya Samaki, Hitima Ikanuka

Nyinyi mnaonijua shuleni mnajua siogopi kuchekwa, nimeshamchekesha mwalimu wa zamu mpaka akasahau kuniadhibu, lakini hili la hitima ya Babu nilitaka nizikwe nalo, na ninaliandika tu kwa sababu binamu zangu wameanza kulisimulia Mambrui nzima na kila mmoja analitia chumvi (kana kwamba lilipungukiwa).

Kaka yangu ni mtunza bustani katika hoteli moja Kikambala. Mgeni mmoja alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia mmea unaokula wadudu, naye akaniletea mimi: majani marefu, na kwenye ncha ya kila jani kunaning'inia kikombe chenye kifuniko, ndani majimaji, kuta zinateleza, nzi akiingia ndiyo basi tena. Kaka aliniusia mambo mawili.

"Uumwagie maji ya mvua tu, haya ya kisima yana chumvi yatauua. Na chakula usiupe, utajitafutia wenyewe."

Nikauweka dirishani kwa Bibi. Alikuwa katika eda ya Babu, hatoki, na maneno yake yalikuwa yamepungua sana, lakini mmea ule alipenda kuutazama. Shida ni kwamba dirisha lile lina wavu wa mbu, nzi hapiti. Siku ya kuamkia arubaini Bibi akachungulia kikombe kimoja, akasema, "Maskini, huyu naye analala njaa."

Basi huruma ikanishika. Mama alikuwa ametengeneza samaki, matumbo amemwekea paka, nikayachukua nikavishindilia vile vikombe mpaka juu (paka alinitazama kama aliyeibiwa, na kweli ameibiwa). Asubuhi ya hitima palikuwa na kiharufu. Nikajiambia ndivyo mmea unavyosaga chakula, nikavuta pazia.

Baada ya adhuhuri wanaume wako msikitini, wanawake wamejaa chumbani kwa Bibi na ukumbini, kila mmoja na juzuu yake, na jua linachoma pazia lile lile. Pilau alikuwa ameipika Shangazi Mwanaisha tangu alfajiri. Wapishi wa kukodi aliwakataa, akasema hii ndiyo kazi ya mwisho anayomfanyia babake.

Dua ikaisha, masinia yakaingia, na harufu ikaamka.

"Jamani, nyama hii imechinjwa lini?" akauliza Bi Zuhura, jirani yetu.

"Mwanaisha, kwani umeme ulikatika huku?"

"Mimi tumbo langu bovu, mtaniwia radhi."

Mkono mmoja ukarudi nyuma, na mwingine, na mwingine. Mtu akaongeza udi chetezoni, mambo yakazidi kuharibika. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia. Akaliweka chini, akachukua kipande cha nyama, akakitafuna mbele ya watu wote.

"Ni nzima," akasema. "Wallahi ni nzima."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Na mimi nilikuwa nimeshajua ni nini kinachonuka.

Badala ya kusema, nikaona nimalize kimyakimya (akili zangu hizo). Nikajipenyeza nyuma ya pazia, nikakikumbatia chungu cha mmea chini ya leso niliyojitanda, nikaanza kuambaa na ukuta nikijikohoza, nikakanyaga pindo la buibui la mtu, mwenyewe akalivuta, na vikombe vyote vikanimwagikia kuanzia shingoni mpaka tumboni.

"We mtoto, umetapika?"

"Hapana. Ni matumbo ya samaki. Nilikuwa… nalisha mti."

"Unalisha mti?"

Kicheko kikaanzia pembeni, kikazunguka chumba. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani watu wasicheke, kwa sababu Shangazi pale mlangoni hakuwa anacheka.

"Nyamazeni," Bibi akasema, wakanyamaza. "Peleka hicho kitu nje. Usioge. Rudi hapa."

Nikarudi.

"Sasa pita kila sinia, uwaambie chakula cha Mwanaisha ni kizima, anayenuka ni wewe."

Nilianza kwa Bi Zuhura, nikalisema kwa kijisauti changu cha kuchekeshea darasani.

"Tena," Bibi akasema. "Bila mzaha."

Nikasema tena. Nikazunguka chumba, nikatoka ukumbini, kila niliposimama watu walijifunika pua na mimi nikasema. Niliporudi, Bibi alikuwa amesogea kwenye sinia.

"Mwanaisha mwanangu, njoo unipakulie. Nitilie na ukoko."

Bibi akala, na wengine wakala.

Jioni nilimsaidia Shangazi kusugua masufuria. Akasema, bila kuniangalia, "Nilipokuwa naitafuna ile nyama, nilidhani nimemfedhehesha Baba."

Nikalivuta kwangu sufuria kubwa kuliko yote, nikalisugua mpaka likang'aa.

Mmea uliozea uani, siuombolezi. Siwezi kuapa kwamba nitaacha utani, hamtaniamini. Ninachoapa ni hiki: sitanyamaza tena huku nikimtazama mtu akibeba aibu yangu.