Ua wa Bogonvilia wa Mama

Baba yangu alikuwa mpigaji. Nasema wazi, maana amekwisha kufa na bado sijamsamehe. Jumamosi akitoka kazini kwenye reli alipitia pombe kwanza, kisha akamkokota mama nje na kumcharaza kwa akala yake ya Kariokor, kiatu cha mpira wa tairi, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Mama alikuwa akiniambia maumivu yanapoa. Kilichomla ni yale macho ya watu.

Ndiyo maana akapanda ua wa bogonvilia kati yetu na majirani. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitunza bustani za kaunsili, alituletea vijiti vya kupanda, akatufundisha kukata vichwa vya miche ingali michanga ili inenepe chini. Mama alishindwa, akasema anaihurumia. Nikashika kisu mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nikaikata. Nikaimwagilia maji ya kusuuzia nguo, na ole wake mwanamke aliyethubutu kuanika blanketi juu yake. Kufikia mvua za mwaka wa pili ua ulikuwa umenifika kichwani, umejaa maua ya zambarau na miiba. Mama alisimama nyuma yake akacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale nje.

Zamani, kipigo kikizidi, yule mzee alivuka hatua chache tu akamshika baba mikono. Wakati wa kupanda hatukulifikiria hilo, hata yeye mwenyewe.

Jumamosi moja baba alichukua mpini wa jembe. Nilipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Mzee alikuja mbio, akajitosa kwenye ua, miiba ikamchana uso na shati, akarudi nyuma, akalazimika kuzunguka safu nzima ya nyumba. Alipofika, uso umejaa damu, mkono wa mama ulikuwa umevunjika na meno yake mawili yako mchangani.

Walipompeleka hospitali nilichukua panga. Nikaufyeka ule ua hadi kwenye mashina, nikimlaani baba, nikijilaani mwenyewe.

Mama alirudi na plasta hadi begani. Alisimama mlangoni akitazama pale mahali palipo wazi, na madirisha ya watu ng'ambo.

"Nani amenivua nguo?"

Nikasema ni mimi. Akanizaba kofi kwa mkono uliobaki mzima, na hakuwa amewahi kunipiga.