Jiwe la Kusagia Lililonitoa Dirishani

Nikianza kusimulia habari hii masikio yangu hupata moto, na mimi ni mzee wa kanisa, mwenye mvi na wajukuu, watu hunipisha kiti cha mbele. Lakini juzi mjukuu wangu Nyaboke, anayesomea digrii ya ualimu, alilalamika kwamba wakaguzi watakuja kumtazama akifundisha na bila alama zao hatasajiliwa, nikacheka mpaka chai ikanimwagikia.

"Babu, unanicheka?"

"La, mama. Najicheka mimi."

Wakati wetu, miaka ya hamsini, digrii tuliisikia tu kama mtu anavyosikia habari za theluji. Ulienda chuo cha ualimu miaka miwili, kisha ukafundisha somo moja mbele ya mkaguzi, naye akiridhika unapata cheti cha T3, yaani ualimu wa daraja la tatu, asiporidhika unarudi kwenu kulima pareto. Nami nilikihitaji cheti kile kuliko wenzangu wote, maana nilikuwa nimemposa Kemunto, ng'ombe wa kwanza wameshafika kwao, na baba yake alikuwa ametamka mbele ya wazee, "Harusi ni siku nitakapokiona cheti kwa macho yangu. Binti yangu haolewi na mwanafunzi."

Basi nikapelekwa kufanya mazoezi katika shule moja ya misheni si mbali na Nyaramba, na (Mungu naye ana ucheshi wake) ilikuwa jirani kabisa na kwao Kemunto. Somo langu la mtihani lilikuwa safari ya wimbi kutoka shambani hadi kwenye ugali. Chuoni tulifundishwa kwamba kitu kinachoweza kuletwa darasani usikichore ubaoni, kwa hiyo nikawauliza watoto ni nani kwao kuna jiwe la kusagia, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Moraa, mdogo wake Kemunto.

"Sisi tunalo, Mwalimu."

"Leta lile dogo tu, la kushika mkononi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikujiuliza mwenye jiwe atasema nini.

Kwa asiyetoka Kisii ni lazima nieleze: kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Mkikaribiana njiani unaingia hata kwenye miiba ili umpishe, na kabla ya harusi ndiyo zaidi. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na hakuna chuo kinachoweza kukuondolea.

Siku ikafika. Mkaguzi, mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwa, shati jeupe pee, akaketi benchi la nyuma na kufungua daftari lake. Nikaomba kimoyomoyo, nikaanza, na kusema kweli nilikuwa nafundisha vizuri (hata mimi nilikuwa najisikiliza). Nikauliza, "Kabla ya kusaga wimbi, tunafanya nini?" Mikono ikapanda yote. Ndipo mlango ukaingia giza na sauti ya mwanamke ikasema, "Bwakire buya!", yaani habari za asubuhi, na nyuma yake Moraa akiwa na jiwe dogo mikononi, na huyo mama akiwa na jiwe kubwa kichwani, anamwambia mwanawe, "Dogo bila kubwa litasaga nini?"

Mimi sikuamua chochote. Miguu ndiyo iliyoamua. Dirisha letu lilikuwa tundu tu katika ukuta wa udongo, nikapita nalo na chaki yangu mkononi, nikatua kwenye shimo la matope ambayo wazazi walikuwa wameyakanda jana yake ili kukandika ukuta. Nilizama mpaka magotini.

Ndani nikamsikia mkaguzi. "Mwalimu wenu ameenda wapi?"

"Ametoka dirishani, bwana," akajibu mtoto mmoja.

"Kwa nini?"

"Mama mkwe wake amekuja."

"Ni mkali?"

"Hapana, bwana. Ni mpole sana."

Mama wa watu, ambaye Moraa hakumwambia jiwe ni la somo la nani, alikuwa amegeukia ukuta (nilisimuliwa baadaye), jiwe bado kichwani, hawezi kulitua peke yake, ikabidi Bwana Mkaguzi mwenyewe aondoke kwenye benchi amsaidie, na lile shati jeupe likapata unga kifua kizima. Kisha mama akauambia ukuta, "Moraa, mwambie mwalimu wenu naondoka. Arudi, watoto wasikose somo kwa ajili yangu."

Nikarudi kwa mlango, kiatu kimoja, matope magotini. Na watoto wale, Mungu awabariki, walikuwa bado wamenyoosha mikono, kimya. Nikasema, "Haya, nani atajibu?"

Baada ya somo mkaguzi alinitazama miguu kwa muda mrefu. "Kijana, mwalimu akiliacha darasa katikati ya mtihani, ameshindwa. Ndiyo kanuni." Nikaona ng'ombe wakirudi kwetu mmoja mmoja. "Lakini hata kwetu ziwani ningeruka. Tena ningeruka mbali zaidi yako." Akaandika, akafunga daftari.

Nilipita. Nikapeleka cheti kwa baba yake Kemunto pamoja na karatasi ya mkaguzi, akataka yote isomwe mbele ya wazee, na mwisho wake uliandikwa hivi: "Mwalimu alipotoka, darasa halikupiga kelele hata kidogo."

"Alipotoka?" mzee akauliza. "Alikuwa anaenda wapi?"

Nikakodolea macho kiatu changu. Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, nikamsikia mwanamke akicheka mpaka akakohoa, na ndivyo nilivyopata kuisikia kwa mara ya kwanza furaha ya mama mkwe wangu.

Tangu siku hiyo, nikiwa mwalimu na baadaye mwalimu mkuu, sikumwagiza tena mtoto kitu cha nyumbani kabla ya kuuliza ni nani atakayekibeba. Nyaboke nimemwambia hivyo hivyo. Na madirisha ya darasa lake, nimemwomba ayakague mwenyewe kabla ya mkaguzi, upande wa nje.