Mère Asiyekula Sana

Kosa lilikuwa la simu, au la lugha, au langu mwenyewe. Nimelipima kila upande na bado sijaamua.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko, nyumbani kwetu Bagira, hapa Bukavu, mahali pekee ambapo simu yangu inashika vizuri. Nilizungumza na binamu yangu anayeuza mashine za mitumba Kampala, kwa sauti ya kutosha kuvuka mpaka bila mtandao.

"Nataka mère asiyekula sana," nilimwambia. "Akuwe mutulivu, asipige makelele. Hata kama ni muzee kidogo, hata kama alitumikia watu wengine mbele, haina shida. Ila aweze kubeba wengi."

Ndani ya jiko, mama yangu aliacha kukoroga maziwa.

Ubao mkuu wa kompyuta, ule unaoshikilia ubongo, kumbukumbu na nyaya zote, sisi tunauita carte mère. Vijana wa mashine mjini tumelikata jina, tunasema mère tu. Lakini kwa watu wengine wote wa Bukavu, mère ni mwanamke mtu mzima mwenye nyumba yake, anayesalimiwa kwa heshima sokoni. Hilo sikuliwaza, mimi ninayewaza kila kitu.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta, na kila ofisi iliniuliza kuhusu uzoefu. Nikaamua kujitengenezea uzoefu nyumbani: mashine moja inayojigawa ndani kwa ndani na kujifanya mashine tano, nizivunje na kuzitengeneza mwenyewe bila kumharibia mtu kazi. Tatizo lilikuwa umeme. Ule wa mji huja unapojisikia. Nyumba yetu inaishi kwa bamba la jua juu ya paa na betri moja, na betri hiyo ina mwenyewe, nayo ni frigo ya mama, anamoweka yaurti, mtindi anaouza kwa majirani. Alinipa ruhusa kwa sharti moja: "Siku yaurti itaharibika sababu ya mashine yako, mashine ndiyo itatoka kwa mulango mbele ya maziwa."

Kwa hiyo nilitafuta ubao usiokula. Nilisoma, nikalinganisha, nikaota. Wiki ziliisha bila mimi kununua hata msumari.

Jumapili baada ya misa nilimkuta tonton, kaka yake mama, sebuleni, amevaa koti lake la kwenda kuposea watu. Chai ilikuwa mbele yake na hakuwa ameigusa. Tonton asipogusa chai, kuna kesi.

"Kaa," alisema. "Tunasikia unatafuta mère."

"Ndiyo, tonton." Nilifurahi. Hatimaye mtu wa nyumbani alijali mradi wangu.

"Wa wapi?"

"Kuko wawili. Mumoja iko Kampala, mwingine iko hapa Nyawera kwa duka ya mucuruzi fulani. Niko nawaza bado."

"Wawili," mama alisema, akaitazama dari.

"Ule wa Nyawera ni mukubwa, ana nguvu, anaweza kubeba wengi sana. Lakini anakula, tonton. Anakula hata wakati hana kazi."

"Wa vile tunawajua," tonton alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeonja.

"Wa Kampala ni mudogo. Hakuli. Ila huyo huwezi kumubadilisha kichwa. Kichwa walikishikanisha naye kabisa kwa kiwanda."

Mama aliyashusha macho kutoka darini.

"Kwa kiwanda?" mama aliuliza.

Ilinibidi nilete kompyuta yangu ya zamani, niifungue mbele yao na kuwaonyesha mère kwa kidole. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Tonton alicheka mpaka akainywa ile chai iliyopoa. Nilidhani kesi imekwisha.

"Bado," alisema akijipangusa midomo. "Koti nimekwisha kuvaa. Mukamwana ni mukamwana, hata wa chuma. Tetea ule mukubwa, tusikie."

Nikatetea. Nilisema ana nafasi nyingi za kumbukumbu. Nilisema pia ana mlango wake wa pekee wa mtandao, kiasi kwamba hata akiwa amezimwa, unaweza kumwamsha ukiwa mbali, mji mwingine, nchi nyingine. Kwa mlango huo tu nilikuwa nimekosa usingizi.

"Umwamshe toka mbali," tonton alisema. "Sasa weye unaenda wapi?"

Sina safari. Mashine ingekaa sebuleni, nami nalala nyuma ya ukuta wa sebule.

"Na wakati anangojea kuamshwa, anakula?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Kwa sahani ya nani?"

Jioni hiyo nilimwandikia binamu anitumie yule mdogo.

Alifika kwa basi, amefungwa ndani ya suruali ya jeans. Nilimweka katika sanduku la bati lenye matundu juu, kando ya betri. Hakuwa na feni, alikuwa na mapezi ya alumini tu ya kupoza kichwa chake kisichobadilika, na alikula kama balbu mbili. Mashine zangu tano ziliamka ndani yake. Tonton alipopita alimsalimia kwa mikono miwili.

Kisha alasiri moja nilirudi kutoka mjini nikakuta taa ya mère imezimika, zote tano zimekufa. Akili yangu ilikimbia mbele bila mimi: betri imeisha, basi frigo imezima, basi yaurti imeharibika, basi mlango. Nilisimama mbele ya frigo nikiwa nimeshika mpini, nikitunga maneno ya kuomba msamaha katika lugha mbili. Nilipofungua, baridi ilinipiga usoni. Yaurti ilikuwa imetulia, nzito, haina habari.

Ndipo nilipomtazama mère vizuri. Juu ya sanduku, juu ya matundu yote, palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, ndugu wa kile kilicho juu ya televisheni, kimekunjwa mara mbili, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Bati lilichoma kama sufuria.

"Mama, nani alimufunika?"

"Miye. Bamama ba kwaya wanakuja." Hakugeuka. "Mukamwana hawezi kukaa uchi kwa salon, mbele ya wageni."

"Anapumulia juu, mama. Alikosa hewa, akazimika."

Sasa aligeuka. "Na yaurti?"

"Iko baridi."

Aliwaza kidogo. "Basi anabaki. Lakini uchi, apana."

Aliketi na sindano yake ya kufumia, na kabla wanakwaya hawajafika, kitambaa kilikuwa na shimo pana katikati, limepindwa vizuri ukingoni kama shingo ya gauni. Nimelipima shimo lile mara nyingi. Nadhani linatosha.