Fungu la Wafanyakazi

Ijumaa, saa saba na dakika kumi na moja mchana, simu zote za makazi yetu sisi wafanyakazi wa kutoka ng'ambo, Al Wakrah, ziliganda kwa pamoja. Ilikuwa saa ya kuongea na nyumbani. Waislamu walikuwa wametoka msikitini, sisi wengine kanisani, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ibada kwa wote, na ngazi zilijaa watu walioegemeza simu kwenye chupa za maji.

"Fundi," aliniita mlinzi niliyeishi naye chumba kimoja, "mke wangu ameganda mdomo wazi. Sijui anacheka ama ananitukana!"

"Wako? Anakutukana," mwingine akadakia.

Nilicheka nao, lakini nilishajua shida ilitoka wapi. Asubuhi hiyo hoteli iliyotuajiri, kule West Bay, ilikuwa imehamia laini ya gigabiti tano kwa sekunde, mara tano ya ile ya zamani, na makazi yetu yalitumia laini hiyohiyo. Mimi nilitunza fayawali, mashine inayochuja na kugawa mtandao, kazi niliyojifunza kwa kujisomea. Humo, tangu laini ya zamani, nilikuwa nimewatengea wafanyakazi asilimia kumi. Mgeni wa hoteli angepakua filamu mchana kutwa, asingeigusa.

Tatizo lilikuwa ndani ya programu. Walioiandika waliipa kasi nafasi ya biti, yaani tarakimu za kompyuta, thelathini na mbili, na nafasi hiyo hujaa kabla ya gigabiti nne na nusu. Ikijaa, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Niliandika tano, mashine ikasoma sifuri nukta saba. Laini mpya ikawa nyembamba kuliko ya zamani, na fungu letu likakonda nayo.

Meneja wa hoteli alitaka kununua mashine nyingine. Nilimwomba anipe muda. Programu ilikuwa ya wazi, ruhusa kuibadilisha, nami niliogopa kwamba mashine ya kununua ingekuja na mgao uliopangwa na mtu mwingine. Nikaipanua nafasi hadi biti sitini na nne, kila mahali kasi ilipotajwa: kwenye kiini cha mfumo, na kwenye chombo kinachosoma mipangilio. Ukibadilisha upande mmoja tu, mwingine unasoma takataka. Nilikosea mara kadhaa, nikarudia. Hatimaye mashine ilisoma tano, na Ijumaa iliyofuata ngazi zilijaa kelele za watoto wa mbali.

Nilimwonyesha meneja matokeo. Aliyatazama kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hiyo sasa unaweza kukata kiasi chochote?"

"Chochote."

"Basi wafanyakazi wape asilimia moja. Tisa zilizobaki tutawauzia wageni."

"Hiyo ni nusu ya walichokuwa nacho kwenye laini ya zamani."

"Habibi, kule wanalala tu. Khalas, yamekwisha."

Kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea saini yake. Niliandika moja kwa mkono wangu, na mashine ikatii barabara, kama nilivyoifundisha.

Ijumaa ya baada ya hapo mlinzi aliishusha simu yake kutoka kwenye chupa.

"Fundi, tangu uitengeneze ndiyo imekufa kabisa. Si ungeiacha tu?"

Meneja alipata barua ya pongezi kutoka kwa wenye hoteli, kwa mashine ambayo haikununuliwa. Waliokoa riyali laki moja na sitini elfu.