Klachi ya Miguu Mitupu

Kila aliyetaka kufundishwa gari na Kufakunesu Dhliwayo alianza kwa kuvua viatu. Aliviweka kiti cha nyuma, akapangusa nyayo kwa kitambaa kilichoning'inia mlangoni, ndipo akaruhusiwa kugusa klachi. Mchungaji alivua, mwalimu mkuu wa shule alivua, na wake wa wafanyabiashara waliokuja na visigino virefu walivua huku wakinung'unika. Watu wa Sakubva, mtaa wa zamani wa mji wa Mutare, walimzoea. Walimwita Sekuru, yaani babu, na walipoona viatu vya kike vimelala kwenye kiti cha nyuma cha ile Mazda yake nyeupe walijua yuko kazini.

"Kiatu ni ukuta," aliwaambia wanafunzi. "Klachi inaongea na wewe. Utaisikiaje ukiwa upande wa pili wa ukuta?"

Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, akiwa kijana aliyetoka kuchunga ng'ombe, katika yadi ya kampuni ya mabasi iliyokwisha kufa. Enzi hizo dereva wa basi alikuwa mtu. Akisimama kituoni kwenye barabara ya Chipinge, akina mama walipiga magoti wakampigia makofi ya salamu na kumpa karanga za kuchemsha. Naye aliwalipa kwa miguu yake: aliondoa basi mlimani, limejaa watu na magunia na kuku, na mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake hakugeuza hata shingo. Leo mabasi hayo yameoza kwenye yadi, nyasi zimetoboa sakafu. Barabara zimejaa vigari vya Kijapani visivyo na klachi, na vijana wanaoviendesha mguu wao wa kushoto umelala tu pale chini kama mgeni aliyekataa kuondoka. Wakipewa gari lenye gia wanakanyaga kama wanaua mende. Kisha wanaitwa madereva.

Dhliwayo aliyasema hayo kila siku, na mengi yake yalikuwa kweli. Kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kama yote yalikuwa kweli.

Sarudzai Mutukwa alimjia mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ndogo ya misheni huko milima ya Chimanimani, mwanamke mwembamba, mjane, mwenye watoto wawili waliolelewa katika nyumba ya wafanyakazi hapo misheni. Kazi yake ya wodini ilikuwa inafutwa mwishoni mwa mwezi. Lakini dereva wa pikapu ya wagonjwa alikuwa amestaafu, na muuguzi mkuu, Mai Gwenzi, alimwambia Sarudzai waziwazi: lete leseni kabla ya Jumatatu ile ya mwisho wa mwezi, usukani ni wako na nyumba unabaki nayo. Usipoleta, kuna bwana kutoka Birchenough mwenye leseni yake mfukoni.

"Pikapu yenyewe ina gia?" Dhliwayo aliuliza.

"Ina gia, Sekuru, na mlima wa kufika kwetu unaujua."

"Naujua. Nimeupanda kabla mama yako hajaolewa. Vua viatu."

Alijifunza vizuri kuliko wengi. Dhliwayo alimwonyesha kutua kisigino cha kushoto sakafuni na kuachia klachi kwa kukunja kifundo tu, si kwa kuinua paja zima. Alimfundisha kuikanyaga mpaka chini kila anapobadili gia, kisha kuiachia na kuondoa mguu kabisa, aupumzishe pembeni. Akiusahau juu ya pedali, mzee alimgonga goti kwa rula.

"Huo mguu unafanya nini hapo?"

"Unasubiri, Sekuru."

"Unasubiri nani? Klachi si kochi. Ukiiegemea inaungua, halafu siku una mama mwenye uchungu wa kuzaa nyuma, gari linanguruma na haliendi. Utamwambia nini, asubiri kama mguu wako?"

Sarudzai alicheka mpaka akazima gari.

Akamfundisha kwamba mguu wa kulia una kazi mbili, mafuta na breki, na wa kushoto una kazi moja tu, usiingilie. Wakati wa kusimama breki itangulie, klachi ifuate gari likikaribia kutulia. Na wakati wa kushuka mlima asidanganywe na wanaobana matumizi ya petroli, wanaokanyaga klachi na kuliacha gari liteleze lenyewe. "Gari lililoachiwa hivyo ni jiwe," alisema. "Shuka ukiwa kwenye gia, injini ikushike mkono." Walikwenda kwenye mteremko wa nyuma ya soko, na hapo alimfundisha jambo alilolipenda kuliko yote: kuvuta breki ya mkono, kuinua klachi polepole mpaka pua ya gari ijiinue kidogo na sauti ya injini ishuke, kisha kuachia breki gari likiwa limetulia kabisa, kama limefungwa kamba.

"Umeisikia?"

"Imenitekenya unyayoni, Sekuru."

"Basi. Huo ndio mlango. Wengine wanaupapasa miaka yote."

Siku moja wakiwa wamepumzika, wanakunywa maheu, togwa ya mahindi, kwenye kivuli cha ukuta wa soko, Sarudzai aliuliza, "Siku ya mtihani nivae nini miguuni?"

Hapo Dhliwayo alipaswa kusema. Maana siku chache nyuma Nyakudya, mwalimu wa shule aliyekuwa akijifunza gari kwake, alikuwa amerudi kutoka uwanja wa mtihani akiwa na hasira. Mtahini mpya, mwanamke kijana, hakumruhusu hata kuwasha gari. Alimwambia kwamba mbele yake hakuna anayeendesha miguu mitupu, wala kwa malapa. Dhliwayo alimsikiliza, akasonya, akasema watahini wapya wana ukali wa mwezi mmoja kisha wanachoka. Hakumwambia mtu mwingine. Walimu wenzake wa udereva wangejua. Tapfumaneyi, yule wa gari jekundu la mafunzo, angeimba jambo hilo uwanja mzima. Na kubadili njia yake ya kufundisha kungekuwa kukiri kwamba kimoja tu alichobaki nacho kutoka yadi ile nacho kimepitwa na wakati.

"Vaa miguu uliyozaliwa nayo," alimjibu.

Sarudzai akacheka, akamaliza maheu yake.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Uwanjani mapipa yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya kurudi nyuma, na pembeni kulikuwa na kile kilima cha zege cha kuondokea. Tapfumaneyi aliwaona wakishuka, Sarudzai amevaa malapa ya plastiki ambayo angeyaacha mlangoni.

"Sekuru! Huyo naye unampeleka kuvuka mto?"

"Wako unawapeleka wapi, dansini?" Dhliwayo alijibu, na watu wakacheka.

"Wangu wanarudi na leseni, mzee wangu. Wako wanarudi na vumbi."

Mtahini alikuja na miwani yake, akamtazama Sarudzai tangu kichwani mpaka miguuni, macho yakakwama hapo.

"Mama, viatu viko wapi?"

"Ninaendesha bila viatu, mama."

"Kwangu hapana. Malapa nayo hapana. Una viatu vya kufunga, au nimwite mwingine?"

Sarudzai alimgeukia Dhliwayo. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala hofu. Alimtazama kama mtu anayemtazama mwenye ufunguo.

Dhliwayo aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, viatu vyeusi vya soli nene alivyoving'arisha kila asubuhi tangu siku za basi, akamvalisha. Vilikuwa vikubwa. Wakajaza karatasi za gazeti mbele.

"Ni vilevile," alimnong'oneza. "Kisigino chini. Sikiliza tu."

Alijua anadanganya.

Kwenye mapipa alifanya vizuri, polepole, bila kugusa. Dhliwayo alisimama kwenye kokoto na soksi zake, na Tapfumaneyi, ambaye angeweza kusema lolote wakati huo, alinyamaza. Kisha Mazda ikapanda kile kilima cha zege na kusimama. Injini ikapanda sauti, ikapanda tena, kali, kama ng'ombe anayevutwa pua. Masikio ya mzee yalijua kabla ya macho. Mguu ulikuwa unapapasa. Mguu ulikuwa umefungiwa ndani ya soli yake yeye, unatafuta kitu ambacho alikuwa ameufundisha kukitafuta kwa ngozi. Breki ya mkono ikaachiwa, gari likarudi nyuma kiasi cha hatua ya mtu, likashtuka, likazimika.

Kurudi nyuma mlimani ni kufeli, hakuna la kujadili.

Sarudzai alivua vile viatu ndani ya gari, akatoa karatasi, akavileta mkononi vikiwa vimeshikwa pamoja kama mtu anavyompa mzee kitu, kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

"Nisamehe, Sekuru," alisema. "Umenifundisha vizuri nami nimekuaibisha mbele ya watu."

Na Dhliwayo, badala ya kusema ukweli, alipokea viatu.

"Si kitu, mjukuu wangu," alisema. "Hutokea."

Siku ile sadza, ugali wa kwao, ilimshinda. Mkewe, Ambuya Zvidzai, alimwuliza kama anaumwa, akasema tumbo. Akaketi nje kwenye kibenchi akiwa na viatu miguuni, akajaribu kujiambia yale ya siku zote: kwamba watahini wa leo ni watoto, kwamba gari si mambo ya viatu, kwamba zamani mtu alipimwa kwa kazi yake. Maneno yalikuja lakini hayakumshika. Lililomshika ni ile mikono miwili. Mwanamke anapoteza kazi na nyumba, halafu anapiga goti kuomba radhi, na anayeombwa radhi anasema hutokea.

Ijumaa alfajiri alipanda na Mazda mpaka misheni. Alimkuta Sarudzai uani anaanika mashuka ya wodi, akamwomba waende pamoja kwa Mai Gwenzi. Sarudzai akadhani amekuja kumtetea. Njiani alimshukuru.

Mai Gwenzi alikuwa mwanamke mnene asiye na muda. Aliwakaribisha kwa makofi ya salamu, akaketi, akasubiri.

"Mama," Dhliwayo alisema, "huyu hakushindwa gari. Gari analijua. Nilimfundisha miguu mitupu, nikampeleka kwa mtahini asiyekubali miguu mitupu, nikamvisha viatu vyangu pale pale. Aliyeshindwa ni mimi."

"Mtahini alikuwa mgeni? Hukujua tabia yake?"

Dhliwayo angeweza kusema hakujua. Mwalimu Nyakudya alikuwa mbali, mjini, na hakuna mtu mlimani pale ambaye angembishia.

"Nilijua," alisema. "Niliambiwa kabla. Huyu aliniuliza avae nini, nikamwambia asivae kitu."

Sarudzai aliyekuwa ameketi mkekani aliinua kichwa. Dhliwayo hakumtazama.

Mai Gwenzi aliwaza. "Nashukuru umesema, Sekuru. Lakini mtihani mwingine ni mwezi ujao, nami nina wajawazito kule juu ambao hawazai kwa ratiba ya mtihani. Jumatatu yule bwana wa Birchenough anaanza. Nitamwombea Sarudzai abaki na nyumba mpaka watoto wamalize muhula. Zaidi ya hapo sina."

Walitoka. Sarudzai alitembea mbele mpaka kwenye Mazda, akasimama upande wa dereva, hakuigusa.

"Jana nilikuomba msamaha," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniacha niombe."

Mzee aliinamia viatu vyake.

"Na wewe, kule kwenye mabasi yako, uliendesha miguu mitupu?"

"Hapana. Kampuni ilitupatia viatu."

"Ulivaa tu siku moja ukaondoka na basi?"

Ndipo alipokumbuka, na kilichomuuma ni kwamba hakuwa amesahau hasa. Alikuwa ameacha tu kukitaja. Mwalimu wake wa yadini, baada ya kuridhika na miguu yao, aliwapa viatu na kuwarudisha mwanzo kabisa, yadini, kama watu wasiowahi kuona pedali. Siku nyingi kuliko zile za kwanza. Aliwatukana, akawachekesha, akawafundisha kusikia kwa goti na kwa masikio kile walichozoea kukisikia kwa unyayo. Kisha ndipo wakapewa basi. Nusu hiyo ilikuwa ngumu na haikuwa na sifa; yeyote angeweza kufundisha watu waliovaa viatu. Akaiacha, akabaki na ile ya kujivunia.

"Hapana," alisema. "Tulianza upya, tukiwa na viatu. Mwalimu wetu alitufundisha mara mbili."

"Kwa hiyo hata hayo ya zamani unayotulilia kila siku," Sarudzai alisema taratibu, "hukutupatia yote."

"Njoo Jumatatu. Nitakufundisha iliyobaki. Hutatoa hata senti."

"Jumatatu nitakuwa namwonyesha yule bwana njia za vijijini. Mai Gwenzi ameniomba." Alitazama mteremko, lango la misheni chini kabisa. "Nitakwenda kwa Tapfumaneyi. Maneno yake siyapendi, lakini viatu vya wanafunzi wake ninaviona miguuni."

Alikunja magoti kidogo kumuaga, kama inavyopasa kwa mzee, lakini hakupiga makofi, na hakusema Sekuru. Akarudi uani kwenye mashuka yake.

Dhliwayo aliingia garini. Alisubiri kidogo, labda angegeuka. Kisha akaweka gia ya kwanza na kushuka, polepole, injini imelishika gari, mpaka alipofika langoni na kulazimika kusimama ili kumpisha mama mmoja mjamzito aliyekuwa akipanda kwa miguu.