Nusu ya Paa la Mama Mulinge

Mbula, ambaye sote twamwita Mama Mulinge, alikuja na mumewe kutoka bara, wakapewa shamba hapa kwetu, njia ya Msambweni. Mume akafariki, muhogo ukabaki, na nyumba ya makuti ikawa inavuja kama kifumbu cha tui.

Wakati wa kampeni, Sefu, aliyeutaka uwakilishi wa wadi, akamletea mabati. Lakini Sefu si mjinga. Aliezeka upande wa mbele tu, unaotazama barabara, akaandika jina lake juu kwa rangi ya kijani. "Upande wa nyuma nikishinda, Mama."

Akashindwa.

Vuli ikakaribia. Siku moja Shutu, mtu wa Sefu, akaja na ngazi.

"Shikamoo, Mama Mulinge."

"Marahaba, baba. Ngazi ya nini?"

"Bosi ataka mabati yake. Asema mlikula vyake mkampigia mwenziwe."

"Mimi nilimpigia yeye."

"Kila mtu asema hivyo, Mama. Kwa kura za mdomo, bosi angekuwa gavana."

Mbula akamkaribisha chai na muhogo. Alipokwisha kushiba akamwambia, "Haya, yashushe. Ila mwambie Sefu, watu wa kisiwani Funzi wakipita barabarani wataniuliza jina limekwenda wapi, nami nimelelewa kusema kweli. Ama aliache, asomwe bure miaka mitano."

Shutu akapiga simu, akasikiliza, akaichukua ngazi yake akaenda zake.

Habari zikamfikia Mwinga, aliyeshinda. Jina la Sefu lisomwe miaka mitano ndani ya wadi yake? Akaja mwenyewe na mabati ya upande wa nyuma. Mafundi wakaezeka, wakaandika MWINGA kwa manjano. Alipozunguka kulitazama, akakuta linasomwa na choo na mbuzi wawili.

"Mama, tubadilishe. Langu lije mbele."

"Mheshimiwa, mbele kuna mwenyewe. Nikimfukuza yeye leo, kesho mwingine atanambia nikufukuze wewe."

Mwinga akajikuna kidevu. Wiki iliyofuata greda likaja, likapasua barabara nyuma ya nyumba ya Mbula mpaka zahanati, barabara ile ile tuliyokuwa tukiiomba tangu enzi za chama kimoja.

Mvua ilipofika, Mama Mulinge alilala pakavu. Nasi majirani, kila mtu sasa aomba aezekewe nusu.