Swali Nililomrushia Baba

Vumbi la jasi likinyeshewa hutoa harufu ya ukuta uliopakwa chokaa asubuhi hiyo hiyo. Kwangu hiyo ni harufu ya baba. Alichimba jasi, lile jiwe jeupe laini, huko Makanya, na jioni alirudi mweupe hadi kope, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango na kukung'uta viatu. Sisi watoto tulimwamkia shikamoo, tukamletea maji, tukasimama tukingoja. Kwetu mtoto aliulizwa, hakuuliza. Sikuona ubaya wowote katika hilo, kwa sababu sikujua kwamba kuna nyumba nyingine zinazoishi tofauti.

Nilipokuwa darasa la tatu alikuja Mwalimu Naetwe, msichana wa milimani, aliyetufundisha Kiingereza bila kushika chaki. Alitupanga wawili wawili, tukarushiana mpira wa soksi: anayerusha anauliza, anayedaka anajibu. Kudaka niliweza. Kurusha kulinishinda: nikishika mpira, mkono ulikuwa mzito na ulimi vilevile. Kisha akatangaza siku ya wazazi. Kila mtoto angemuuliza mzazi wake swali moja kwa Kiingereza, mwalimu angefasiri, mzazi angejibu kwa lugha yoyote, na mtoto angewaambia wenzake jibu hilo kwa Kiingereza.

Nilijizoeza nyumbani. Nilimuuliza baba jina lake kwa Kiingereza, nikamweleza maana.

"Jina langu unalijua," alisema. "Si umeliandika kwenye daftari lako?"

Akaongeza kwamba mtu anayeuliza anachokijua anamtega mwenziwe au anamdhihaki, na kama ni kudhihakiwa mbele za watu, yeye angebaki machimboni. Kuanzia hapo niliogopa mambo mawili: asipokuja, na akija.

Alikuja. Alivaa shati lake la kanisani, lakini jasi ilikuwa bado kwenye nyufa za mikono yake, maana haikutoka hata kwa sabuni. Zamu yangu ilipofika, swali la jina lilikuwa tayari mdomoni. Nikaiona ile mikono, nikaliacha. Nilitafuta kitu nisichokijua kweli, nikarusha mpira.

"Baba, are you tired?"

Mwalimu alifasiri kwamba ninauliza kama amechoka. Watu walicheka kidogo, lakini baba hakucheka. Aliugeuza ule mpira mara mbili tatu.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Tangu mwaka uliozaliwa."

"Basi huyo hukuzaa mtoto," mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Ulizaa jiwe la jasi."

Hapo darasa zima likaangua kicheko, na baba pia. Nikageuka, nikawaambia wenzangu kwa Kiingereza kwamba baba yangu amechoka. Sauti yangu ilifika hadi dirishani.

Tangu siku hiyo, baada ya shikamoo, nilimuuliza swali lile kila jioni, naye alijibu "Yes" au "No". Sikumsikia akitumia maneno mengine ya Kiingereza maisha yake yote. Akisema "Yes" tulimletea maji ya kuosha miguu na kumwacha apumzike. Akisema "No" alitusimulia ya machimboni.

Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu hakikuvuka sana mpira ule wa soksi. Binti yangu anakizungumza vizuri na kuniuliza maswali tangu anapoamka, hata nikiwa na kijiko mdomoni. Simkatazi. Baba alipokuwa mgonjwa, wiki yake ya mwisho, hakuweza hata kujigeuza kitandani. Nilimuuliza swali letu, akajibu "No". Binti yangu alikuwa amesimama pale. Juzi, tukipalilia kaburi lake, aliniuliza kwa nini babu alisema hajachoka wakati alikuwa amechoka vile.

Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Hilo sikumuuliza.